Hadithi bila kuchora mtu: mwongozo kamili wa michoro dhahania ya vifaa mchanganyiko

Swali ninaloulizwaga kuliko yote ni hili: mchoro hauna mtu, hauna nyumba, hauna mnazi, ni mistari na madoa mwanzo mwisho, sasa hiyo hadithi mnayosema imo ndani inakaa wapi? Na wanaouliza siyo wapita njia, ni wachoraji kabisa, watu wanaoweza kukukalisha kwenye stuli wakakutoa sura yako pamoja na kovu lako la utotoni, lakini ukiwaambia wachore kitu dhahania wanamwaga rangi, wanakwangua kidogo na kisu, alafu wanakipa jina zito kama "Kilio cha Nafsi" na kukitundika. Hapo hadithi iko kwenye jina. Ukilitoa jina, kwisha habari.

Mimi nasema hadithi inakaa kwenye kanuni za mkono. Yaani kabla hujagusa karatasi unaamua huu mstari mfupi ni nani, anatembeaje, akikutana na yule mwenzie wanapishana au wanagongana, na ukishaamua unamfuata mpaka mwisho hata kama anakuharibia mpangilio wako mzuri. Mtazamaji hatajua huyo ni nani ila ataona kuna kitu kinafanyika, watu wanahama, watu wanafukuzwa, kuna mahali pamesongamana na kuna mahali pametulia, na hiyo inatosha.

Hili sijalitunga mimi, nimeliiba kwa mchoraji Julie Mehretu. Huyu mama kazaliwa Addis Ababa mwaka 1970, familia ikahamia Marekani 1977, akakulia Michigan, akasoma kidogo Dakar, shahada ya uzamili akamaliza Rhode Island 1997. Mwaka 2023 mchoro wake mmoja ulipita dola milioni 10 mnadani New York, lakini siyo hela ndiyo imenivuta, ni jinsi alivyobadilika. Miaka ya tisini alikuwa na vialama vidogo vya wino tu, kila kimoja kina maisha yake. Baadaye akavipa mahali pa kuishi, ramani za miji na ramani za majengo. Baadaye akaanza kufuta. Alafu miaka ya karibuni akaweka picha za habari zilizofifishwa chini ya kila kitu. Ukizipanga hizo hatua unapata darasa zima, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu, mbao tatu, moja baada ya nyingine. Usirukie ya tatu, nakuomba.

Kwanza hadithi yenyewe

Tafuta hadithi yenye kusogea. "Mama yangu ni mpole" haisogei. Mimi nilichukua vyumba vya kupanga: nimehama mara saba ndani ya Dar, Mwananyamala, Tandale, Kigogo, Mabibo, mpaka Buza, kila nikihama kodi ya miezi sita mkononi na godoro juu ya guta. Iandike kwenye daftari, isizidi ukurasa, kama unavyomsimulia mtu kwenye daladala. Ukimaliza, chukua kalamu nyekundu upigie mstari vitenzi tu. Kwangu vilitoka: kugonga, kungoja, kubanana, kubeba, kufungiwa, kuvuja. Majina ya watu yaache kabisa, rangi za kuta ziache, wewe shika vitenzi manake kitenzi mkono unaweza kukifanya. "Mpangaji" huwezi kumchora bila kuchora mtu, ila "kubanana" unaweza.

Alafu ufunguo

Si unajua ramani za shuleni zilikuwa na ufunguo pembeni, reli hivi, mto hivi. Tengeneza wako, alama tano au sita, zisizidi. Wangu ulikuwa hivi: kugonga ni vistari vitatu vifupi vinene sambamba, hodi hodi hodi, ndiyo mama mwenye nyumba huyo. Kungoja ni nukta zinazorudiwa palepale mpaka karatasi inalegea. Kubeba ni mstari mrefu mwembamba unaoinama katikati kama mti wa mabega uliozidiwa na mzigo. Kuvuja ni wino uliochanganywa na maji unaachwa ushuke wenyewe. Kila alama jaza nayo A4 nzima, kweli nzima, kabla ya kuitumia popote. Ukifika chini ya ukurasa mkono umeacha kufikiri, na hapo ndipo alama inaanza kuwa ya kwako, zile za mistari ya juu huwa zinafanana na za kila mtu.

Andika na kanuni. Kwangu: hodi ikikaribia, nukta zinatawanyika. Mstari wa kubeba hauruhusiwi kukata mwingine wa kubeba, lazima uzunguke. Kanuni mbili tatu za namna hiyo. Utaona zinavyokusumbua, na usumbufu huo ndio kazi.

Vifaa, haraka haraka

Karatasi nene ya gramu 300 kama unaipata, ukikosa manila mbili zilizogandishwa pamoja. Hadibodi ya fundi seremala, ukate vipande vitatu vya sentimita 60 kwa 80, upake upande laini rangi nyeupe ya maji mikono miwili. Wino mweusi usioyeyuka na maji (jaribu kwanza: chora, acha saa moja, pitisha kidole chenye maji, ukitoka doa huo siyo). Kalamu ya kuchovya au brashi namba mbili. Mkaa, hata wa jikoni unafaa ukichagua vijiti vyembamba vilivyoiva vizuri. Vanishi ya maji isiyong'aa, gundi nyeupe ya mbao, wanga wa muhogo, msasa namba 400 na namba 600, kifutio, kitambaa. Kalamu ya biki achana nayo, hata kama inavutia, jua linaikula na ukipaka vanishi juu inaweza kutoka zambarau. Maka peni hivyohivyo.

Ubao wa kwanza: alama peke yake

Gandisha karatasi kwenye hadibodi na gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni na kitambaa kikavu, weka vitabu juu usiku kucha. Kesho yake chora hadithi yako kwa alama tu, wino mweusi, hakuna rangi, hakuna kubandika. Anzia kona moja ambapo hadithi inaanza na uende nayo. Mimi nilianzia chini kushoto Mwananyamala na nikategemea kufika juu kulia Buza. Sikufika. Alama zilikwama katikati kwenye kile chumba cha Kigogo nilichokaa muda mrefu kuliko vyote, nukta zikawa nyingi mpaka paligeuka doa moja jeusi, na nikaliacha hivyohivyo maana ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili zinatosha. Usitafute uzuri hapa, ubao huu ni wa kujua tabia za wahusika wako.

Ubao wa pili: wape mahali pa kukaa, na hapa tukae kidogo

Kwenye miaka ya 2000 Mehretu alichukua ramani za viwanja vya ndege, viwanja vya mpira, majengo ya serikali, akazipanga moja juu ya nyingine mpaka huwezi kujua uko mji gani, alafu akaviachia vile vialama vyake vitembee humo. Zile Stadia zake za 2004 ukiziangalia unaona mistari ya majukwaa inazunguka kama upo katikati ya uwanja, kuna vipande vya rangi kama bendera, na wale wadudu wa wino wanaruka huku na huku, hujui ni shangwe au ni vurugu. Ile ya Mogamma ya 2012, turubai nne, kila moja karibu mita nne na nusu kwenda juu, imeanzia kwenye jengo lililokuwa la serikali pale Tahrir, Cairo, baada ya yale maandamano ya 2011. Hakuna mwandamanaji hata mmoja aliyechorwa.

Wewe huna haja ya ramani za mhandisi. Chora mpango wa kila chumba kwa kumbukumbu, ukubwa kwa kuhesabu hatua za miguu, mlango ulikuwa wapi, dirisha, kitanda, ndoo ya maji, swichi. Tumia rula na penseli kwanza kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kila chumba karatasi yake. Alafu zipange karatasi hizo saba moja juu ya nyingine dirishani kwenye mwanga, zungusha hii, geuza ile, mpaka uone sehemu ambapo mlango wa Tandale unaangukia kitanda cha Mabibo. Ukipenda, hamishia yote kwenye ubao na wino mwembamba kabisa, mstari wa nywele.

Sasa kubandika. Vitu vya kubandika viwe vimetoka ndani ya hadithi, siyo gazeti lolote ulilolikuta mezani. Wangechi Mutu, huyu dada msanii wa Nairobi, alipochukua kurasa za zamani za vitabu vya udaktari zenye michoro ya magonjwa ya kizazi akabandika juu yake nyuso za magazeti, ile karatasi ya chini yenyewe tayari ilikuwa inasema kitu kuhusu miili ya wanawake na nani anaiangalia, kwahiyo hata kama asingeongeza neno ungesikia. Mimi nilikuwa na risiti za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Nazitunza, sijui kwanini, nina boksi la viatu limejaa, na kila risiti ina tarehe na yuniti, yaani ni shajara ya maisha yangu gizani na kwenye mwanga.

Na hapa ndipo nilipoharibu. Risiti zile zilikuwa zimejikunja, nikasema ngoja nizinyooshe, nikazipitisha pasi. Dah. Karatasi ya risiti haina wino, inaandikwa kwa joto, kwahiyo pasi ilipogusa tu zikawa nyeusi tii, miaka minne ya umeme imeondoka ndani ya sekunde kumi na mimi nimesimama na pasi mkononi. Hata usipozipiga pasi, maandishi yanafifia yenyewe baada ya muda. Kwahiyo risiti yoyote ya mashine, tiketi ya basi, karatasi ya wakala wa pesa, kwanza itoe fotokopi, ubandike kopi. (Zile nyeusi nilizibandika pia. Zilikaa vizuri kuliko nilivyostahili.)

Kwa karatasi nyembamba tumia uji wa wanga wa muhogo: kijiko kimoja cha wanga, maji baridi kidogo ukoroge mpaka usiwe na madonge, mimina maji ya moto huku unakoroga mpaka uwe kama uji wa mtoto, uache upoe. Hauvimbishi karatasi sana na ukikosea unalowesha unabandua. Ubaya wake mende na panya wanaupenda, kwahiyo lazima ufunikwe na vanishi baadae. Kwa kitambaa tumia gundi nyeupe. Kama una kanga ya kukata, chukua pindo badala ya mji, marudio ya pindo yanakaa kama alama, ule mji wenye ua kubwa utakula mchoro wote. Na jina la kanga likate katikati ya maneno. Maandishi yakisomeka, mtu anayasoma alafu anaondoka, hajaangalia kitu kingine.

Sasa kuna ufundi mmoja ambao ndio umebeba kazi za Mehretu za kipindi hicho: anachora, anafunika na tabaka la akriliki isiyo na rangi, anasugua mpaka panakuwa laini kama kioo cha barafu, anachora tena juu. Ukisimama mbele unaona mistari ya chini iko mbali kidogo, kama vitu vilivyozama kwenye maji safi. Kwa vifaa vyetu inafanyika hivi. Hakikisha wino umekauka siku nzima. Laza ubao mezani, usiusimamishe, paka vanishi ya maji isiyong'aa kwa brashi pana, upande mmoja kwenda mwingine, usirudie palepale kama unasugua sufuria. Acha saa nne, paka tena ukikatisha, mkono wa tatu kesho yake. Acha siku nzima nyingine. Usitumie gundi nyeupe badala ya vanishi, najua ni rahisi na kila mtu atakwambia inafaa, lakini haikaukii kuwa ngumu, ukiisugua inajiviringisha inakuwa kama makombo ya kifutio.

Msasa namba 400, uuloweshe kidogo, sugua kwa mduara bila kukandamiza. Panakuwa na maziwa meupe, hofu inakushika kwamba umeua kazi. Futa na kitambaa chenye maji, kausha, inama uangalie kutoka pembeni mwanga ukipiga. Kwangu ndio nilipoona dirisha la Kigogo, lile dogo lenye nyavu, limebaki chini ya ukungu, na ukingo wa risiti moja umekatiza juu yake kama pazia. Sikulipanga. Pale msasa ulipopita sana umekula mpaka kwenye wino, mstari umekatika, usiuunganishe. Malizia na namba 600 ili kalamu isikwaruze.

Juu ya hapo ndio wahusika wanaingia, kwa kanuni zilezile za ubao wa kwanza. Ila sasa wana kuta. Hodi inapaswa kupita mlangoni, kubeba lazima kupite kwenye korido, na korido ya Tandale ilikuwa nyembamba kweli. Chora, funika, sugua, chora. Tabaka tatu ni za kutosha kwa mtu wa kawaida, ya nne inaanza kuwa uchafu.

Mpangilio wa vifaa, ili usilie

Vya maji kabla ya vya mafuta. Krayoni na pasteli za mafuta zinakataa wino wa maji, ndio kanuni ya batiki ileile, nta inazuia rangi, kwahiyo unaweza kuitumia kwa makusudi: chora na mshumaa mweupe sehemu unayotaka ibaki tupu alafu pitisha wino, chumba kinajitokeza chenyewe. Ila usiweke krayoni alafu vanishi ya maji juu yake ukategemea itashika. Mkaa na penseli nyeusi uzipulizie dawa ya kushikisha kabla ya kupaka chochote, brashi ikipita bila hivyo unabaki na tope. Spreya ya nywele inasaidia kwa mazoezi tu, kwa kazi ya kuuza hapana, inakuja kuwa ya njano.

Kufuta

Kabla ya ubao wa tatu rudi kwenye ule wa pili ufute. Namaanisha kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 Mehretu alianza kuacha alama za kufuta zionekane, maeneo ya kijivu yaliyosuguliwa ambapo kulikuwa na kitu, na mimi naona ndipo alipokomaa, ramani ziliacha kuwa mapambo. Kwenye hadithi ya kuhama kufuta ni tukio, chumba kinapakwa rangi upya wiki uliyoondoka. Chagua sehemu unayoipenda kuliko zote, usugue na msasa mkavu mpaka ibaki kivuli, alafu pitisha mkaa na kiganja. Kama hakuna sehemu inayokuuma kuifuta, basi bado hujachora vya kutosha.

Ubao wa tatu: picha chini ya kila kitu

Kwenye zile kazi mbili kubwa za Mehretu za San Francisco za 2017, HOWL, eon, kila moja inakaribia mita nane kwa kumi, ambazo alizichorea ndani ya kanisa lisilotumika pale Harlem kwa sababu hazikuenea kwingine, amechanganya picha za mandhari ya zamani ya magharibi ya Marekani na picha za habari za maandamano, akazififisha kwenye kompyuta mpaka zikawa mawingu ya rangi, alafu akachora juu kwa mkono. Huoni tukio. Unaona joto la tukio.

Chukua picha kwenye simu yako, ile inayouma katika hadithi. Yangu ni ya vitu vyangu vimewekwa nje, godoro, jiko, beseni. Ifungue kwenye programu yoyote ya kuhariri, weka ukungu mpaka godoro liwe doa la bluu tu na usiweze kulitaja. Peleka steshenari ichapwe na mashine ya tona, siyo printa ya wino wa maji, hii ni lazima. Paka ubao vanishi mkono mnene, wakati bado mbichi laza picha kifudifudi, toa mapovu na kadi ya simu iliyoisha, acha siku nzima. Kesho lowesha mgongo wa karatasi, sugua na vidole taratibu, karatasi inatoka kama uji na rangi inabaki kwenye ubao. Rudia mara tatu, ule weupe unaorudi ukikauka ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Picha inakuwa imegeuka kushoto kulia, ukiwa na maandishi yageuze kwenye simu kwanza. Patatoboka sehemu kadhaa, usizibe.

Juu yake weka alama zako, safari hii bila ramani, bila risiti. Utashangaa zinavyojua pa kwenda. Na kama doa la bluu linazisukuma pembeni, ziache zisukumwe.

Kumaliza na kuweka fremu

Unaacha pale kila alama mpya inapofunika nzuri kuliko yenyewe. Mwambie mtu asiyejua hadithi akwambie vitenzi anavyoviona, usimuulize "unaona nini" atakwambia anaona ndege. Akitaja viwili kati ya sita vyako, umefika. Mimi dogo mmoja fundi baiskeli aliniambia "hapa watu wanasubiri na hapa kuna mtu anagombana", nikamshukuru nikaosha brashi.

Usiruhusu fundi fremu alaze kioo moja kwa moja juu ya kazi. Kwa joto na unyevu wa pwani vanishi inashikana na kioo, siku ukifungua unaondoka na nusu ya mchoro. Vipande vya kadi ngumu pembeni viache nafasi ya milimita nne tano. Nyuma bandika bahasha yenye ule ufunguo, tarehe, na orodha ya vifaa vyote kwa mpangilio wa tabaka, siku kikipasuka anayetengeneza ajue kuna nini chini. Mimi bahasha naifunga kwa gundi. Aliyenunua ubao wa pili bado hajaifungua, anaogopa, anasema akijua doa jeusi lililo katikati ya ubao huo ni nini halitakuwa lake tena. Ni choo cha nje cha Kigogo.